Kondoo Mkongwe wa Mjomba

Buchani, 6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, anayeumwa ni bucha.

Nakuandikia nimekaa juu ya gogo la kukatia, saa ambayo enzi za mama usingepata humu hata pa kuegemeza kiwiko. Leo nimeuza mifupa ya mbwa na robo ya maini, basi. Bei ya kondoo imepanda mpaka naona haya kuiandika kwenye kibao. Nikiiandika kubwa, wateja wanakimbia. Nikiiandika ndogo, wanasogea, wanasoma, halafu wanakimbia. Wengine wanaliangalia paja lililoning'inia kwenye kulabu kama watu wanaoaga maiti: wanasimama, wanainamisha kichwa, wanaondoka kimya kimya. Nesi wa zahanati, yule ambaye Jumamosi haimpiti bila mbavu zake, jana kaniuliza, "Hivi hili linauzwa au ni pambo?" Nikacheka, nikaligeuza paja upande wa pili.

Na soko la jumla ndiko kwenye maajabu. Mwanakondoo wa kupakata, hata mapaja hayajai, wanamtajia bei ambayo mama alinunulia ile friji kubwa. Nikauliza kama anakuja na friji. Hawakucheka.

Mwenye nyumba kasema wazi: mwisho wa Juni, kama kodi haijakaa sawa, chumba anampa muuza simu. Nawe unamjua dada yako. Kibao kinasema "Kondoo Pekee", na alikuwa akisema siku kuku akiingia kwa mlango huu, yeye anatokea dirishani. Ametangulia, Mungu amrehemu, lakini nami kuku sijathubutu kumwingiza. Nikiifunga bucha hii, Mjomba, sijui nitakuwa nani. Sijawahi kuwa kitu kingine.

Wewe unalala na kuamka nao hao kondoo. Niambie basi wamekwenda wapi! Na nyama ya mtu wa kawaida nitaipata wapi?

Halafu barua yako ya Desemba ilikuwa mistari mitatu, kila herufi kubwa kama yai. Unadhani bado niko chekechea?

Mpwa wako,
Bibi Shoka

*

Zizini, 19 Februari

Bibi Shoka,

Marahaba, mama.

Unauliza kondoo wamekwenda wapi. Hawajakwenda, wanarudi. Ndiyo shida yako hiyo, na ndiyo furaha yangu.

Ule ukame wa mwaka juzi tuliuza majike kwa bei ya kutupa, kwa sababu kuwauza ilikuwa afadhali kuliko kuwazika. Huko mjini mkala nyama rahisi mkasema neema imeshuka. Mlikuwa mnakula mama zao hawa mnaowatafuta leo. Sasa mvua imenyesha, na hakuna mfugaji mwenye akili anayemtoa jike. Kila binti anayezaliwa anabaki zizini azae naye. Mpaka zizi lijae, nyama itakuwa ya kuangaliwa.

Ungeuona mlima huu, usingenuna. Mahali palipokuwa na vumbi tupu sasa pana majani mpaka magotini. Asubuhi nawafungulia, wanatoka mbio halafu wanasimama ghafla, kama hawaamini. Mimi pia nasimama. Mtu mzima nimeshika fimbo, natazama majani, machozi yananitoka. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Sasa nyama. Acha kuning'iniza mapaja, hayo ni ya harusi. Tafuta shingo. Tafuta muundi, ule mguu wa chini ya goti, na ule ubavu wa chini wenye mafuta. Pale soko la jumla wanavitupia pembeni kwa sababu watu wa siku hizi wanataka nyama inayoiva kabla maji hayajachemka. Shingo ikate vipande vinene. Ipake chumvi, ikaange kidogo ishike rangi, kisha maji ya kuifunika tu na moto mdogo. Usifunuefunue sufuria kama mtu anayechungulia wageni. Asubuhi mpaka mchana. Wanasema rahisi huvunja upishi. Aliyesema hivyo alikuwa na haraka zake.

Kuhusu mwandiko usiniseme, kalamu zenu za mjini ni nyembamba. Tena juzi sufuria imeniunguza mkono, nikajua kwa kunusa. Nilidhani ni mbwa amekanyaga makaa.

Mjomba wako

*

Buchani, 11 Machi

Mjomba, weee!

Shikamoo kwanza, nisije nikasahau adabu kwa furaha.

Niliipika shingo. Niliiweka sufuria hapa hapa buchani, kwenye jiko la mkaa karibu na mlango, kwa sababu nilijiambia kama itashindikana, angalau nitapata chakula cha mchana. Mpaka saa tano hakuna kitu, nyama ngumu kama raba. Nikakusema, nisamehe, nilikusema vibaya. Saa saba ile harufu ikaanza. Sijui nikwambieje. Mshona viatu wa jirani aliacha kiatu cha mtu na sindano ndani yake, akaja na mguu mmoja peku, akasema, "Mama yako amerudi?"

Nikampa kipande. Nyama iliachia mfupa kabla hajaigusa vizuri. Akatafuna, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikaogopa kwamba imemkaba. Alipoyafumbua alisema neno moja tu: "Kumbe!" Akanunua shingo nzima. Nesi akanunua muundi. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye tangu mwaka jana ananisalimia kwa mbali ili nisimwone mkono mtupu, kaingia mwenyewe akauliza inavyopikwa, akaandika kiganjani kwa kalamu ya bluu.

Sasa nina foleni, na foleni imeniletea balaa jipya. Kondoo ana shingo moja tu! Wenzangu wa soko la jumla wameshtuka, na shingo nayo imeanza kupanda bei. Watu wanakuja na vikapu, nami nagawa vipande kama dawa.

Nimewaza hivi. Si kila mwaka unatoa wale wakongwe, walioisha meno, waliokwisha kuzaa? Nyama yao ni ya moto mdogo, na sasa wateja wangu wamejifunza subira. Nitumie mmoja nijaribu. Nikiweza kuuza kondoo mzima mkongwe, kuanzia pua hadi mkia, kwa bei ya mtu wa kawaida, bucha inapona.

Ila niambie ukweli. Barua zako ni fupi, na mwandiko unazidi kuwa kama wa mtu aliyekasirika. Nimekuudhi? Au huipendi bucha kuuza vya bei rahisi?

Mpwa wako,
Bibi Shoka

*

Zizini, 25 Machi

Bibi Shoka,

Hujaniudhi. Mwandiko ni wa uzee.

Dereva wa lori la viazi atakuletea Mama Mkubwa. Nilimpa jina hilo kwa sababu akikohoa, zizi zima linanyamaza. Meno yameisha. Mwaka jana hakuzaa. Nimemshika tumbo, nimemshika kiwele, kama ninavyowashika wote siku zote. Mtupu. Huyu ni wangu mwenyewe, si wa wenye mifugo walionikabidhi kondoo wao, kwa hiyo huna wa kumlipa ila mimi, na mimi utanilipa nikifa.

Ukae ukijua unakula nini. Ule mwezi wa mwisho wa ukame, tulipokuwa tumekata tamaa, yeye aliacha njia akashuka korongoni. Nikampigia kelele, nikamtupia mawe, hakugeuka. Kundi lote likamfuata. Nilimkuta anaparua mchanga kwa kwato, na mchanga chini ulikuwa na unyevu. Tulichimba mimi na yeye, mtu na kondoo. Maji yalikuja kidogo kidogo, ya tope, lakini yalikuja. Mpaka leo sijui aliambiwa na nani.

Mpike taratibu. Usiniandikie alikuwa na ladha gani.

Mjomba wako

*

Buchani, 8 Aprili

Mjomba wangu, fundi wa mafundi!

Shikamoo mara mia.

Ulinificha makusudi, eti? Ungeniambia basi, nusura nife kwa presha!

Nilitangaza wiki nzima: Jumamosi kuna kondoo mkongwe, bei ya kila mtu. Asubuhi foleni imefika mpaka kwa kinyozi. Mkaguzi wa nyama kaja na mhuri wake, mchinjaji yuko uani ananoa kisu, maji yanachemka. Mama Mkubwa tukamlaza kwa ubavu. Hakupiga kelele wala kuparua, alinitazama tu kwa lile jicho lake la njano kama mwalimu mkuu. Mimi ndiye niliyemshika. Nilijiinamisha juu yake, mikono miguuni, shavu langu likawa limelala ubavuni mwake, kwenye manyoya. Mchinjaji akasogea.

Nikapigwa teke. Shavuni, Mjomba! Kutoka ndani!

Nilidhani ni moyo wangu. Nikatulia. Likaja la pili, dogo, limeambatana na kitu kilichoteleza chini ya ngozi kama mtu anayejigeuza kitandani. Nikapiga ukelele mpaka foleni yote ikaingia uani bila kukaribishwa. Mchinjaji alitupa kisu kwenye ndoo. Mkaguzi akasema, "Haiwezekani, kondoo hana meno huyu," akavua kofia, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazi, akaweka shavu. Tukamtazama usoni. Aliinuka taratibu, akaurudisha mhuri mfukoni, akasema, "Huyu simgongi."

Basi hapo ndipo ungekuwapo. Foleni ile ile iliyokuja kununua nyama ilijipanga upya kuweka shavu. Mshona viatu. Mwalimu. Mama mmoja mjamzito, akaweka shavu huku kashika tumbo lake mwenyewe. Nesi alikaa pale mpaka wakamwambia awapishe wengine, akasema wako wawili, ana hakika, na hiyo ndiyo kazi yake. Watu wakanong'ona kama wako mahali pa ibada. Vikapu vikarudi nyumbani vitupu na hakuna hata mmoja aliyeuliza bei.

Sasa naelewa. Wewe, uliyeniambia nikiwa mdogo kwamba unajua mimba ya kondoo kwa kumgusa tu gizani, ungekosaje kujua? Umenitumia kondoo watatu katika ngozi moja, uone kama mtoto wa dada yako ni mchinjaji tu au ana moyo. Mjomba una utani wa hatari! Nusura nifeli mtihani wako.

Nakushukuru mpaka basi. Niambie tu, nimefanya vizuri?

Mpwa wako,
Bibi Shoka

*

Zizini, 24 Aprili

Mwanangu,

Umefanya vizuri. Lakini usinishukuru. Sikujua.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye jiwe la mlango, nikaisoma tena, kisha nikaitazama mikono yangu. Nilimshika yule kondoo kwa mikono hii miwili. Nikasema mtupu, na ndani yake walikuwa wawili wanacheza.

Vidole vimekufa, mama. Vilianza mwaka jana, kama nimevaa soksi mikononi. Hospitali wakasema ni sukari, imekula mishipa, ile ganzi haitarudi nyuma. Kalamu naishika kama mwiko. Sufuria iliponiunguza sikusikia, nilikutania tu kwa sababu ningesema nini? Nimekuwa nikiwashika kondoo kila asubuhi kwa mazoea, natikisa kichwa kama anayejua. Nashika hewa tu.

Sijamwambia mtu, kwa sababu nusu ya kundi hili ni la watu. Wamenikabidhi kwa ajili ya mikono yangu. Mchungaji asiyejua nani ana mimba na nani hana, atamtenga nani, atampa nani majani mazuri, atamwuza nani? Nimemtoa Mama Mkubwa, aliyetupa maji. Nimempeleka kwa kisu na watoto wake tumboni. Kama si shavu lako, sijui.

Wenye mifugo wanakuja mwisho wa Mei kuhesabu. Nitawakabidhi kondoo wao, na wangu nitawauza. Basi. Nitakaa.

Usihangaike kuniita mjini. Siwezi kukaa kwenye kona ya bucha kama gunia la mkaa.

Mjomba wako

*

Buchani, 12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeikalia wiki mbili. Mara nne nimeanza kujibu nikachana. Nilikuwa na hasira nawe, nikalia, nikawa na hasira tena. Mficha maradhi kilio humfichua, Mjomba! Dada yako angekuwa hai angepanda lori la viazi aje akuchape.

Sasa sikiliza. Juzi mchana Mama Mkubwa amezaa.

Nilikuwa nakata miundi ya watu. Nikasikia kimya uani. Unajua kimya cha mnyama ni tofauti, hata mimi nisiyejua kitu nilikijua. Nilimkuta amesimama pembeni, anatazama ukutani. Kisha akalala, na kabla sijamwita nesi, akatoka wa kwanza, amefungwa kwenye utando, mweusi kama chungu. Mimi nimepasua kondoo tangu nimeota meno. Ini najua lilipo, wengu najua, figo nazitoa nimefumba macho. Utando ule nimeuona mara ngapi! Sijawahi kuuona ukipumua. Mama Mkubwa aliulamba, ukapasuka, na kile kitu kikapiga chafya. Chafya, Mjomba! Nilikaa chini kwenye maji machafu na shoka mkononi. Wa pili akaja mweupe, akasimama, akaanguka, akasimama, akaenda kwenye chuchu kama aliyeelekezwa njia. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Mshona viatu alikuwa analia waziwazi, anasema ni moshi.

Mwenye nyumba naye alikuja kudai kodi akawakuta watoto wananyonya. Akasahau alichofuata. Alirudi kesho yake akiwa amekumbuka, kwa hiyo usidhani nimepona. Shingo na miundi vinanisogeza tu. Juni bado iko pale pale.

Sasa nakuuliza wewe, mtu mzima. Mimi nilimjuaje Mama Mkubwa? Kwa mkono? Mikono yangu ilikuwa imemshika miguu, na hata ingekuwa tumboni, isingejua kitu, ni mikono ya kukata. Nilijua kwa shavu. Mkaguzi alijua kwa shavu, naye ni mtu wa mhuri! Foleni nzima ilijua. Nimemwuliza nesi: ile sukari ikila mishipa huanzia miguuni na mikononi, uso mara nyingi huuacha.

Vidole vimekufa, sawa. Uso je? Umeujaribu? Au unaona haya, mchungaji mkubwa kulala chini na kondoo?

Namrudisha Mama Mkubwa na wanawe kwa lori Alhamisi. Mshona viatu kamshonea kamba ya ngozi, na mwalimu kaleta gunia la pumba kwa sababu hana meno. Mpokee. Kisha weka shavu kwa wengine.

Mpwa wako anayekupenda na kukukasirikia,
Bibi Shoka

*

Zizini, 3 Juni

Bibi Shoka,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Mwandiko ni mbaya, vumilia, maana nina haraka na dereva anapiga honi.

Barua yako ilinitia haya, nikaikunja nikaiweka. Mama Mkubwa akashuka kwenye lori, na wale wawili wakaruka nyuma yake kama wamezaliwa na springi. Aliingia zizini, akakohoa, wote wakanyamaza. Akaja moja kwa moja kwangu, akanisukuma magoti kwa kichwa. Mimi niliyemtoa. Nilikaa chini.

Kwa kuwa nilikuwa chini tayari, nikasema, haya.

Nilimvuta jike aliyekuwa karibu, nikamlaza, nikalala naye. Nikaweka shavu. Mwanzo nilisikia manyoya tu, na joto. Joto, mama! Karibu mwaka mzima sijasikia joto la kondoo. Nikalala pale. Mbwa akaja kunitazama, akadhani nimekufa. Nikamwambia kaa. Na hapo nikapigwa. Teke la uso, barabara, chini ya jicho, na mtu ambaye hajazaliwa bado. Nilicheka mpaka yule kondoo akaogopa.

Nimewalalia wote. Imenichukua siku kadhaa, nina majani masikioni, nanuka kuliko wao. Mikono yangu ilikuwa inaniambia yupo au hayupo. Shavu linaniambia zaidi. Nimesikia anayejigeuza, anayetulia, mmoja ana kwikwi, nakuapia. Miaka yote hiyo nilikuwa nabisha hodi tu, kumbe sikuwahi kuingia ndani.

Wenye mifugo walikuja. Niliwaambia ukweli wote, vidole, sukari, na kwamba nilimpeleka jike mwenye mimba kwenye kisu. Wakatazamana. Mkubwa wao akasema, sasa utatufanyia kazi vipi? Nikalala chini mbele yao na koti langu la heshima, nikawachambulia: huyu mmoja, huyu wawili, huyu hana. Yule mkubwa akakunja suruali, akapiga magoti, akaweka shavu lake. Alipoinuka alisema, "Waache hapa."

Katika lori wamo wakongwe wawili. Mmoja ni wa yule mkubwa, na bei ni ile ya wakongwe, umlipe ukishauza. Kila mwezi utapata wengine kama hao, kwa kuwa hakuna anayewataka, na huku wanakula majani ya wenye mimba. Andika kwenye kibao bei ndogo kwa herufi kubwa, mwenye nyumba aisome akiwa ng'ambo ya barabara.

Hawa ni watupu. Nimewasikiliza kila mmoja asubuhi na jioni, shavu hili na shavu hili. Lakini kabla mchinjaji hajasogea, mama, nawe weka lako.

Mjomba wako